Viatu vya Namba Tisa: Mwanza hadi Lugogo kuifuata timu ya wasichana ya U18

Nimerudi Mwanza wiki iliyopita. Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari langu na picha za simu, kwa sababu watu wengi wa kundi letu la mpira wa kikapu wameniuliza njia, nauli na jinsi mechi zilivyokwenda. Nilikwenda Kampala kuishangilia timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 18 kwenye mashindano ya kufuzu ubingwa wa Afrika ya Kanda ya Tano, kanda yetu ya kikapu, katika ukumbi wa Lugogo. Mmoja wa mabinti wale alianza kudunda mpira mbele ya macho yangu pale uwanja wa Mirongo hapa Mwanza, akiwa darasa la tano. Bado ni mtoto wa shule, kwa hiyo jina lake litabaki kwangu. Nitamwita Namba Tisa.

Siku nne kabla ya safari alinipigia kwa simu ya kuazima kutoka kambini. Baada ya shikamoo alisema neno moja tu la maana: "Mwalimu, kwenye mbao nateleza." Nilielewa papo hapo. Viatu alivyoondoka navyo vimelambwa na saruji ya Mirongo kwa miaka miwili, soli zake zimekuwa laini kama kiganja. Juu ya saruji havina shida, maana saruji yenyewe inakwaruza. Juu ya mbao zilizopigwa vanishi ni kama kutembea juu ya sabuni.

Tukachangishana kwenye kundi, elfu mbili mbili, elfu tano tano. Jumamosi nikaenda mitumba ya Mlango Mmoja na kuzunguka tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikapata jozi namba 40 ambayo soli yake ukipitisha kidole gumba unasikia mistari bado ina makali. Elfu sitini na tano baada ya kubishana sana. Mama yake, ambaye anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, akaniongezea kopo la plastiki lililojaa dagaa wa kukaanga na ndimu. Basi nikawa na mizigo miwili ya mtoto mmoja, na begi langu dogo.

Jumapili: bandarini Mwanza

Nilikata tiketi ya daraja la tatu kwenye MV Victoria. Meli hii ilianza kazi miaka ya 1960, ikalala muda mrefu, ikarudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Inaondoka usiku na kuamkia Bukoba, ikipita kwanza Kemondo kushusha mizigo na abiria. Haisafiri kila siku, hivyo ulizia ratiba bandarini kabla hujapanga lolote. Fika mapema upate kiti mbali na mlango, maana upepo wa ziwa usiku wa manane unaingia hadi kwenye mifupa. Shuka au kitenge kizito si anasa.

Taa za Mwanza zilipoanza kuwa ndogo, mama mmoja wa Kihaya aliyekaa jirani yangu alifunga macho, akasali kimya kwa muda mrefu. Sikumuuliza. Mtu wa Kanda ya Ziwa wa umri wetu hapandi meli ya njia hii bila kukumbuka Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na nyumbani. Alipofungua macho alitoa kwenye mkoba kifurushi kidogo cha jani la mgomba, akanimiminia kiganjani kahawa ya kutafuna. "Chukua mwanangu, usiku ni mrefu."

Upande wa pili walikuwa vijana watatu wanaokwenda Bukoba kwa biashara. Waliliona boksi la viatu, wakauliza, nikaeleza, na mjadala ukawaka. Mmoja alisema kikapu cha Tanzania kilianza na kuishia kwa Hasheem Thabeet. Nilimwambia Thabeet alitoka sekondari ya Makongo, akaenda Marekani na kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, pale ligi ya Marekani inapochagua wachezaji wapya, mwaka 2009, na kwamba hilo ndilo linalonikera: tumepata mtu mmoja wa namba ile na bado tunamsimulia kama hadithi ya bahati. Mwenzake akasema tatizo ni urefu, wasichana wetu wafupi. Nikawauliza Madagaska wana urefu gani. Vijana wao walicheza fainali ya Afrika ya U18 mwaka 2022, nyumbani kwao, na mwaka uliofuata wakaenda Kombe la Dunia la U19 kule Debrecen, Hungaria. Mali nao, mwaka 2019, walifika fainali ya dunia ya U19 na kukutana na Marekani. Kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tatizo ni nini?" Nilimjibu kwamba naenda kuangalia.

Jumatatu: Bukoba, Kyaka, Mutukula, na mbio za Lugogo

Bukoba tulifika asubuhi njema, mji umefunikwa na ukungu mwepesi juu ya migomba. Nilikuwa nimelipia basi la moja kwa moja hadi Kampala kwa simu. Pale ofisini nikaambiwa basi la siku hiyo halipo, abiria hawakutosha. Wakala alinirudishia nusu ya nauli, nusu nyingine akasema niifuate nikirudi. Nilipoifuata, ofisi ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo ushauri wangu: ukitoka na meli, usilipe basi la mbele kabla hujaliona kwa macho. Stendi kuna Hiace za kwenda Mutukula kutwa nzima.

Mechi ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Tulitoka Bukoba kwa Hiace saa nne asubuhi, na nilihesabu kuwa nina muda wa kutosha.

Mkanda wa feni ulikatika muda mfupi kabla ya Kyaka. Dereva alimpigia bodaboda alete mwingine kutoka Bunazi, na boda naye alileta usioingia, akarudi tena. Tulikaa pembeni ya barabara kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Mzee mwenye kibanda cha vocha alitoa viti vyake vyote, vinne, akawapa wanawake na watoto, yeye akakaa kwenye kreti la soda. Mkewe alileta ndizi zilizopikwa na maharage kwenye sufuria, akatugawia kwenye vifuniko vya plastiki. Nilipotaka kulipa alikataa kwa mkono. Mzee alituonyesha kule daraja la mto Kagera lilipo, akasimulia jinsi lilivyolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na jinsi walivyokimbia na mbuzi wawili na redio. Leo mimi navuka pale kwenda Kampala kushangilia mpira. Nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa, akasema, "Nenda mkawafunge."

Mutukula ni kituo kimoja cha pamoja: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo hilohilo. Beba pasi ya kusafiria au hati ya dharura, na kadi ya homa ya manjano. Mama mmoja mbele yangu hakuwa nayo na ilimchelewesha sana. Badilisha fedha kidogo tu pale, ya kukufikisha; Kampala utapata bei nzuri zaidi. Ofisa wa Uganda aliyefungua boksi langu aliuliza kama viatu ni vya biashara. Nilimweleza vya nani na kwa nini. Akalifunika taratibu, akazirudisha hata karatasi za ndani zilivyokuwa. "Lakini leo anacheza na sisi," alisema, "kwa hiyo nenda polepole." Akanigongea haraka kuliko wote.

Toka Mutukula hadi Masaka, kupitia Kyotera, barabara ni nzuri na sina la kusimulia. Masaka nilihamia takisi, ndivyo wanavyoita Hiace zao. Lukaya gari halijasimama sawasawa tayari madirisha yamejaa mishikaki, kuku wa kijitini na ndizi za kuchoma wanazoziita gonja. Nunua gonja, ni tamu na haziharibiki njiani. Kayabwe tulipita mstari wa ikweta bila kupunguza mwendo. Niliona tu mduara mweupe na watalii wanapiga picha. Baada ya hapo foleni ya kuingia Kampala ikatumeza. Saa kumi na mbili ilitukuta Busega, hatusogei.

Nilimwambia kondakta ninapokwenda. Akasimamisha gari, akashuka mwenyewe, akaniitia boda anayemfahamu, akamwambia kwa Kiganda kitu kirefu, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake: "Huyu atakufikisha, usimpe zaidi ya elfu kumi." Hiyo ni ya kwao, wakati ule kama elfu saba za kwetu. Nilivuka Kampala yote nimekumbatia boksi kifuani.

Niliingia Lugogo robo ya tatu imeshaanza.

Kitu cha kwanza kilichonigonga ni sauti. Mirongo mpira unatoa mlio mkavu, na kelele zote zinaondoka na upepo wa ziwa. Mle ndani kila kitu kinarudi: ngoma za wenyeji, filimbi, na juu ya yote zile soli, kwii, kwii, kwii, kila mchezaji wa Uganda anapogeuka. Nilisikiliza upande wetu. Viatu vya baadhi ya mabinti wetu vilikuwa vinalia vilevile. Namba Tisa miguu yake ilikuwa kimya.

Uganda walikuwa wanafanya presi ya uwanja mzima, yaani wanatubana tangu chini ya kikapu chetu. Namba Tisa ndiye anayepandisha mpira upande wetu. Alipokea chini ya kikapu chetu, akamhadaa wa kwanza kwa bega kama anavyofanya kila siku, akataka kukata kushoto, mguu wa kulia ukamkimbia. Hakuanguka. Aliweka mkono chini, akainuka, lakini ile nusu sekunde ilitosha: wa pili alishafika, mpira ukachukuliwa, kikapu. Tukio hilohilo lilirudi tena, na mara ya tatu waamuzi walihesabu sekunde nane zikaisha kabla hajavuka nusu ya uwanja, tukapoteza mpira. Kila mpira uliposimama alikuwa ananyanyua mguu, anatemea kiganja, anasugua soli, kulia, kushoto. Viatu nilivyovibeba kutoka Mwanza vilikuwa mapajani mwangu, safu ya sita. Nilishuka hadi kwenye kizuizi nikamwomba kijana wa usalama. Alinieleza kwa upole kwamba hakuna kitu kinachopelekwa benchi mechi ikiendelea. Alikuwa sahihi, na niliumia hivyohivyo.

Tulifungwa, na robo ya tatu ndiyo iliyotumaliza.

Nje, kwenye jiko la rolex karibu na geti, walikusanyika mashabiki wa kila upande. Chapati moto, mayai mawili, kabichi na nyanya, elfu tatu, na ndiyo ilikuwa chakula changu cha kwanza tangu Lukaya. Wanafunzi wawili wa Kitanzania wanaosoma Makerere walikuwa wanamlaumu kocha: kwa nini hakuomba taimauti mapema? Kaka mmoja kutoka Kwale, aliyesafiri na mashabiki wa Kenya, aliingilia kwa Kiswahili chake kitamu cha pwani. Alisema shule kama Kaya Tiwi huko kwao inacheza mechi ngumu mwaka mzima, kisha inakwenda michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, na mtoto anafika timu ya taifa ameshapigwa presi mara hamsini. "Wenu yaonekana wameiona leo." Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba nasi tuna UMISSETA, michezo yetu ya shule za sekondari. Tunayo, na naipenda, nimepeleka watoto huko. Lakini ni siku chache kwa mwaka, na sehemu nyingi wanacheza kwenye saruji au lami, chini ya jua.

Baba mmoja wa Goma anayeishi Kampala alikuwa anakula kimya muda wote. Akafuta mikono, akaniambia, "Batoto benu biko na nguvu, Mama. Ile ya chini ndiyo inawasumbua." Akaonyesha ardhi kwa kidole cha mguu.

Hapo ndipo niliposema kile nilichokuwa nimekibeba tangu kwenye meli. Mtoto wangu wa Mirongo, katika miaka sita ya kikapu, alikanyaga sakafu ya mbao kwa mara ya kwanza kwenye kambi ya timu ya taifa. Uwanja wa Ndani wa Taifa upo, lakini upo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu. Urefu hatuwezi kumwongezea, na kocha hawezi kumfundisha nyayo kwa wiki chache. Nyayo zinafundishwa na sakafu. Mpaka kila kanda ipate walau ukumbi mmoja, tutakuwa tunawapeleka watoto kujifunza kusimama siku ileile wanayodaiwa kushinda.

Jumanne: viatu vinafika

Nililala Naguru, chumba safi cha shilingi elfu hamsini za Uganda, dakika kama kumi na tano kwa miguu hadi uwanjani. Ukifika usiku chukua eneo hilo au Nakawa. Usihangaike na katikati ya mji.

Meneja wa timu aliniruhusu dakika kumi kwenye baraza ya hoteli yao. Namba Tisa alishuka ngazi na ndala, akapiga goti kidogo, "Shikamoo Mwalimu." Macho yalikuwa mekundu. Sikumwambia lolote kuhusu mechi. Nilimpa boksi. Alikitoa kiatu kimoja, hakukivaa. Alikipindua kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye soli, vilevile kama nilivyofanya mimi Mlango Mmoja. Kisha akavaa, akasimama, akajigeuza juu ya vigae. Kililia. Alicheka kwa sauti mpaka wenzake wakachungulia.

Vilikuwa vinapwaya kidogo kwenye kisigino. Nahodha alikwenda ndani akarudi na soksi nene. Lile kopo la dagaa lilifunguliwa hapohapo na likazungukwa na mikono mingi kuliko dagaa waliokuwamo.

Dakika kumi zikaisha.

Jumatano: mechi ya Kenya

Mvua ilinyesha mchana, ikatulia jioni. Nilikaa karibu na yule kaka wa Kwale, kila mmoja na bendera yake. Kiingilio elfu kumi, na ukichelewa unakosa kiti cha upande wa benchi.

Kenya nao walikuja na presi. Dakika ya pili tu ya mchezo Namba Tisa alibanwa kwenye kona, mbele kidogo ya mstari wa kati, sehemu mbaya kuliko zote. Nilishika kiti. Akasimama kwa miguu miwili, kavu, mguu wa kushoto ukabaki pale kama umepigiliwa msumari, akazunguka juu yake, akaona upenyo chini ya mkono wa mlinzi, akapiga pasi ya kudunda katikati. Lei-apu, kikapu cha karibu kabisa. Kaka wa Kwale alinigeukia akanipa mkono kabla mimi sijaanza kushangilia.

Alipoteza mipira mingine baadaye, miwili kwa papara, mmoja kwa uchovu. Robo ya nne Kenya walikuwa na wachezaji wa kuingiza, sisi tulikuwa na wale wale waliochoka. Faulo ya tano ya timu ilitufikia mapema, na mitupo huru yao ilikuwa inaingia. Tulifungwa tena. Lakini ndani ya robo ya tatu, ile iliyotuua Jumatatu, tulisimama nao sambamba. Nimeandika hivyo kwenye daftari na kupigia mstari mara mbili.

Alhamisi hadi Jumamosi: kurudi

Alhamisi timu haikuwa na mechi; nilinunua matandiko soko la Owino na kulala mapema. Ijumaa alfajiri nikaanza kurudi kwa njia ileile, bila tatizo, nikapanda meli Bukoba usiku. Ruhusa yangu ilikuwa imeisha, mechi ya mwisho niliifuata kwenye simu.

Kwa anayepanga: safari nzima, usiku wanne Kampala, chakula, viingilio na boda, ilinigharimu karibu laki nne za kwetu bila bei ya viatu. Ukienda wawili mkashirikiana chumba itapungua vizuri. Acha siku moja nzima ya akiba kabla ya mechi ya kwanza. Mimi sikuiacha, na nusu ya kwanza ya mechi ile sitaiona tena.

Kabla sijaondoka, Namba Tisa alinitumia viatu vyake vya zamani kwa mkono wa meneja, ndani ya lile boksi. Juu aliandika kwa kalamu jina la binti wa darasa la saba pale kwetu ambaye bado anacheza na raba za shule. Jumamosi jioni nilivipeleka Mirongo. Juu ya saruji vinakamata vizuri kabisa.

Kisha nikateremka Kirumba kurudisha kopo. Mama yake alikuwa anafunga meza. Alilichukua, akalichungulia ndani, akalisuuza kwenye ndoo ya maji, akaniuliza timu inarudi siku gani na inafikia wapi.

"Nataka niwe na dagaa wengine tayari," alisema. "Hawa walikuwa kidogo."